Mkakati wa Kusoma kwa Kusimama

Sebuleni kwa Bu Raehanun kulikuwa na saa za ukutani kumi na moja, na hakuna hata mbili zilizokubaliana. Kila moja ilikuwa na nembo ya chuo, chini ya nembo jina la mtafiti aliyeileta, na chini ya jina shukrani za dhati kwa ushirikiano. Betri alikwisha acha kununua. Watu kumi na mmoja wamenikalia darasani wasijue nafundishaje, alisema, basi na saa zao zikae ukutani zisijue ni saa ngapi.

Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne katika shule moja ya kati huko Lombok Mashariki, Indonesia, ambako mwalimu wa kike huitwa Bu na wa kiume Pak, na kwa miaka yote hiyo hakudharau kiumbe yeyote kama mtafiti. Mkaguzi hakumdharau sana. Mkaguzi huja kutafuta kosa, na mtu anayetafuta kosa angalau hufumbua macho. Mtafiti huja na fomu. Fomu ina vijisanduku, na kila kijisanduku kina njaa ya tiki. Mwalimu akisalimia wanafunzi, tiki. Akiuliza swali, tiki. Akianguka azimie, hakuna kijisanduku cha kuzimia, kwa hiyo hakuanguka.

Tangu 2013 walikuja kila mwaka mvua zikikatika, kama kumbikumbi, wamevaa koti la chuo katika joto lile, mkononi barua yenye muhuri na kiboksi cha vitafunio: lemper mbili, wali wa kunata katika jani la mgomba, kipande cha keki, na maji ya kikombe cha plastiki. Walikaa kiti cha nyuma siku tatu. Siku ya nne waliomba mahojiano, na mahojiano yenyewe yalikuwa swali moja lililobadilishwa nguo mara kumi: Bu anatumia mikakati gani kufundisha kusoma? Ukiwajibu kwamba unafundisha tu, wanakutazama kwa huruma, kama mgonjwa asiyejua jina la ugonjwa wake. Kisha wanakusaidia. Je, Bu huwauliza watoto kabla ya kusoma wanafikiri hadithi inahusu nini? Huwauliza, eh? Basi huo ni mkakati wa kutabiri. Tiki.

Baada ya hapo hurudi mara moja tu, na saa ya ukutani na karatasi ya kutia sahihi. Kitabu chenyewe, tasnifu waliyoiandika, hukioni. Kitabu kinakwenda kulala maktaba ya chuo, na huko kinangoja mtafiti wa mwaka unaofuata aje akinakili.

Sasa, ukimsikia Bu Raehanun akiwasema hivyo pale chumba cha walimu, ungedhani hana haja nao hata kidogo. Pak Jalal wa michezo, aliyekaa meza ya pili yake miaka ishirini, ndiye pekee aliyemjua.

"Bu, unawatukana kila mwaka na kila mwaka unawakubalia," alimwambia. "Mimi mtu nisiyemtaka namtoa nje kwa dirisha."

"Nawakubalia kwa sababu ya lemper."

"Lemper unampa Inaq, yule mama wa kantini. Nakuona."

"Wewe Pak Jalal fundisha watoto kuruka kamba, mambo ya vichwa tuachie sisi."

Lakini Pak Jalal alisema kweli. Bu Raehanun alikuwa anangoja. Alikuwa na jambo lake, na alitaka aje mtu mmoja, mmoja tu, aone bila kuambiwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Na alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Aliwaambia watoto wafungue kitabu, wafuatishe kwa macho, na yeye asome kwa sauti. Kisha akasoma uongo. Kitabu kinasema mkulima aliuza nyati wawili, yeye anasoma mkulima aliuza mama mkwe. Kitabu kinasema mvua ilinyesha siku tatu, yeye anasoma siku thelathini. Alisoma kwa uso mkavu, wala hakupunguza mwendo. Mtoto aliyemnasa alisimamisha darasa zima kwa sauti: "Bu umekosea!" Lakini kupiga kelele hakukutosha. Sharti uweke kidole juu ya mstari, utaje ni mstari wa ngapi, na useme pameandikwaje. Ukimsingizia, unaimba mbele ya wenzako. Kwa njia hiyo watoto waliofika kwake hawajui kusoma hata kibandiko cha chupa ya mchuzi walikuwa wakivizia kila neno la Kiingereza kama paka kwenye tundu la panya, kwa raha ya kumfumania mwalimu. Mwishoni makosa yalikuwa madogo mno, neno "jana" mahali pa "juzi", na bado walimnasa.

Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilibuni mwenyewe mwaka 2003, baada ya kuona midomo ya watoto inasoma na vichwa vyao viko mtoni vinaogelea. Na watafiti waliliona wote kumi na mmoja, maana walikuwa wamekaa pale pale. Kumi waliandika: mwalimu anasoma kwa sauti, tiki. Wa kumi na moja, bwana mmoja wa mwaka 2014, aliandika pendekezo kwamba usomaji wa mwalimu una makosa mengi na apelekwe mafunzo. Saa ya huyo ilitundikwa pale sebuleni juu ya mlango wa choo.

Halafu mwaka huu, mwezi wa tano, akaja Mahniwati. Msichana mwembamba wa kule ng'ambo ya mto, chini ya mlima Rinjani, mwenye koti la chuo lililomzidi mabega. Alikuja na fomu kama wenzake, lakini pamoja na fomu alikuwa na daftari la shule, lile la bei ya chini lenye picha ya sungura. Siku ya kwanza alitia tiki. Siku ya pili alisahau kutia tiki. Siku ya tatu Bu Raehanun aliposoma kwamba nahodha alimeza nanga, cheko la kwanza darasani lilitoka kiti cha nyuma, kabla watoto hawajaufikia mstari. Mahni akajiziba mdomo. Bu Raehanun aliendelea kusoma kwa uso ule ule mkavu, lakini jioni hiyo alikula lemper zote mbili.

Hata mahojiano alimpa saa nzima, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Hakumwambia siri, la, kiburi chake kilikuwa pale pale. Alizungukazunguka, akamwacha binti aandike, na binti akaandika kurasa na kurasa.

Basi Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri Mahni alibisha hodi. Mkononi alikuwa na kiboksi cha vitafunio, rundo la karatasi lililobanwa kwa kibanio cheusi, na kitu cha mviringo kilichofungwa kwa karatasi ya maua. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nini.

"Karibu, mwanangu. Weka hiyo saa hapo chini, ukuta umejaa."

"Samahani, Bu. Wenzangu waliniambia ndiyo desturi."

"Desturi ni desturi. Kaa. Ndiyo kitabu hicho?"

"Sura nne, Bu. Bado hitimisho. Nimekuja na fomu ya uthibitisho." Aliitoa, karatasi moja, akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili. "Hapa mtoa taarifa anathibitisha kwamba yaliyoandikwa ndiyo aliyoyasema na kuyafanya. Bu akitia sahihi leo, kesho kabla ya saa tisa naandikisha mtihani wa kutetea tasnifu. Kesho ndiyo mwisho. Baba amekuja kutoka Malaysia, Bu, ameomba ruhusa kwenye shamba anakofanya kazi huko ili aone mahafali. Miaka sita hajaja."

"Wenzako wote wananiletea karatasi bila kitabu. Wewe umeleta na kitabu?"

"Nilidhani Bu angependa kusoma."

Bu Raehanun alivaa miwani polepole ili mikono isionyeshe haraka. Akaruka shukrani, akaruka sura ya kwanza, akafungua ya nne, mahali panapoandikwa kilichoonekana. Alikuwa na miaka sitini kasoro miezi miwili, na moyo ulimwenda mbio kama mtoto anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Alisoma ukurasa. Akageuza, akasoma mwingine. Kulikuwa na kutabiri, tiki. Kulikuwa na kusoma kwa sauti, tiki. Kisha kichwa cha habari kwa wino mzito: Mkakati wa Kusoma kwa Kusimama. Chini yake aya nne, jedwali la faida, na maneno ya mtoa taarifa R., yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka mahojiano ya tarehe 27 mwezi wa tano. Yalisema: "Watoto wa ng'ambo ya mto huja na viatu vilivyolowa. Huwaacha wasome wamesimama mpaka viatu vikauke, na nimegundua kwamba mtoto aliyesimama hasinzii, na neno analolisoma hushuka mpaka miguuni."

"Mto gani?" alisema Bu Raehanun.

Mahni aliinamisha macho kwenye saa iliyo sakafuni.

"Nakuuliza wewe. Shule yangu ina mfereji wa saruji nyuma ya choo. Watoto wanaletwa kwa pikipiki. Viatu vimelowea wapi? Na nani anasimama? Ulikaa kule nyuma siku tatu, umemwona nani amesimama?"

"Hakuna, Bu."

"Sasa mimi nimeyasema haya lini? Ndotoni?"

"Pak Doktor..." Msichana alikuwa ameanza kuvuta uzi wa mkono wa koti. Pak Doktor alikuwa msimamizi wake. "Nilimpelekea rasimu ya kwanza, Bu. Akauliza, kusimama kuko wapi? Akasema walimu wa Lombok Mashariki wote husomesha watoto kwa kusimama, tafiti zote zilizotangulia zimeliona, nitazame sura ya pili. Nikamwambia wamekaa, Pak. Akasema basi sijachunguza vya kutosha, nirudi uwandani nikachunguze kwa kina. Na muda umekwisha. Basi nikawasimamisha."

"Ukawasimamisha!"

"Ndiyo, Bu."

"Na maneno? Maneno haya ya viatu?"

"Yamo kwenye tasnifu ya mwaka 2019. Kule yamesemwa na mwalimu mwingine. Nilibadilisha herufi ya jina tu."

Bu Raehanun alikwisha fungua mdomo. Alikuwa na tusi tayari, tusi zuri, la miaka thelathini na minne, lililotosha Pak Doktor, chuo, na kila aliyewahi kuvaa lile koti. Lakini macho yalikuwa yamerudi kwenye karatasi, kwenye lile neno linaloshuka mpaka miguuni, na tusi halikutoka.

Alifungua sura ya pili. Tafiti zilizotangulia zilipangwa kwa miaka: 2019, 2011, 2004, 1997. Mwaka 2019 mkakati ulikuwa na hatua tatu na jedwali. Mwaka 2011 ulikuwa na hatua mbili. Mwaka 2004 ndipo ulipopewa jina. Mwaka 1997 haukuwa mkakati, alikuwapo mwalimu tu, na watoto, na viatu vilivyolowa. Kabla ya hapo orodha haikuwa na kitu. Lakini Bu Raehanun alijua kulikuwa na nini kabla ya hapo.

Kabla ya hapo kulikuwa na mashine ya kuchapa ya kuazima, yenye herufi moja iliyoruka juu ya mstari, juu ya meza ya jikoni kwa mama yake, mwaka 1988. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Hii ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na sita, na ilikuwa imezunguka kisiwa kizima ikapita mlango wa mbele wa nyumba yake na kiboksi cha lemper.

Mwaka ule yeye ndiye aliyevaa koti. Mtoa taarifa wake alikuwa Pak Munawir, mwalimu mzee wa shule ya ng'ambo ya mto, mtu wa maneno machache na kanzu moja. Alimchunguza darasani mara moja. Mahojiano yalipangwa Alhamisi ya pili yake, na Alhamisi hiyo hakufika. Mto ulifurika. Hivyo ndivyo alivyojieleza kwa Pak Munawir baadaye, na ndivyo alivyokuwa akijieleza mwenyewe kila jambo lile lilipomjia. Mto ulifurika, muda ulikuwa umekwisha, akaketi jikoni akamwandikia mzee majibu. Mto ule ule ndio uliompa viatu vilivyolowa. Alijisifu sana kwa hilo la miguuni. Msimamizi wake alilipigia mstari na kuandika pembeni: data hai.

Alimpelekea Pak Munawir karatasi atie sahihi. Mzee alikuwa amemwandalia muhogo wa kukaanga, na kando ya sahani palikuwa na madaftari mawili ya mambo yake ya darasani, ambayo hakuyafungua. Alisoma kurasa zote, kidole kikifuata mstari. Akavua miwani. "Umeandika vizuri, mwanangu," alisema. "Si mimi, lakini umeandika vizuri. Na ahsante kwa kuwavisha watoto wangu viatu." Akatia sahihi.

Raehanun aliondoka amefurahi. Aliyapokea yale maneno kama baraka za mzee. Pak Munawir alifariki miaka saba baadaye, na yale madaftari hakuna aliyejua yalikoishia. Na sasa, ameketi chini ya saa kumi na moja zilizokufa, ndipo alipoona kitu ambacho mtoto yeyote wa darasa lake angekiona mara moja: mwaka 1988 watoto wa ng'ambo ya mto hawakuwa na viatu. Walikwenda shule miguu mitupu. Yeye mwenyewe aliwaona, siku ile moja aliyokwenda kuchunguza darasani. Mzee alikuwa ameweka kidole kwenye mstari, akautaja, akasema pameandikwaje, na yeye hakusikia.

Nyani haoni kundule. Aliwacheka watafiti miaka yote, na mwanzo wao ulikuwa jikoni kwa mama yake.

"Bu?" Mahni alikuwa ameanza kulia kimya kimya, kwa adabu. "Bu, nikosoe, nitukane. Lakini kama Bu hatatia sahihi, niambie sasa nikamwambie baba."

"Daftari la sungura liko wapi?"

"Lipi, Bu?"

"Usinifanye mtoto. Lile daftari."

Lilikuwa mkobani. Bu Raehanun alilifungua, na hakuhitaji kutafuta. Ukurasa wa pili: Bu anasoma vibaya makusudi. Ukurasa wa tatu: leo makosa tisa, wamenasa manane, la tisa nimelinasa mimi. Ukurasa wa tano: mtoto wa kona, ambaye Bu alisema hajui kusoma, amenasa la "jana". Bu amejifanya amekasirika. Amefurahi sana. Kulikuwa na kurasa kumi na nne za namna hiyo, zenye michoro ya mahali kila mtoto alipokaa na saa na dakika.

Alivua miwani akaifuta. Ilibidi aifute mara mbili.

"Haya mbona hayamo kitabuni?"

"Yalikuwamo, Bu. Rasimu ya kwanza ilikuwa haya tu. Pak Doktor aliyakata yote. Alisema hayana chanzo, hakuna mtu aliyewahi kuyaandika. Na akasema si heshima kumwandika mwalimu anayekaribia kustaafu kwamba hajui kusoma."

Bu Raehanun akacheka. Lilikuwa cheko baya, lililomtoka puani, na halikumwacha hata yeye mwenyewe. Alichomchekea Pak Doktor alikijua: mtu yule alipewa dhahabu akaomba bati, kwa sababu bati lina risiti. Lakini bati lenyewe nani alilifua? Angekataa Pak Munawir siku ile, angesema tu "sitii sahihi, binti, rudi Alhamisi," Raehanun angelia njia nzima, angechelewa muhula, na leo kusingekuwa na Mahni analia juu ya kiti chake. Mzee alikuwa mwema. Wema wake ulikuwa umetembea miaka thelathini na sita na bado ulikuwa unaharibu kazi za watu.

"Nipe kalamu," alisema.

Uso wa Mahni ulichanua.

Kila fomu ya uthibitisho, chini ya mahali pa sahihi, ina kisanduku kikubwa kilichoandikwa: Maoni ya mtoa taarifa. Hakuna aliyewahi kukijaza. Watu huweka kistari, au huandika "hakuna" ili kionekane kimeshughulikiwa. Bu Raehanun aliivuta karatasi karibu akaanza kuandika humo, kwa mwandiko wa ubaoni, wima na wazi, na alipofika ukingo aligeuza karatasi akaendelea nyuma. Mahni aliona kalamu haisimami, uso wake ukaanza kurudi ulikotoka.

"Soma," Bu Raehanun alisema, akamsukumia.

Msichana alisoma.

"Mkakati wa kusoma kwa kusimama haupo na haujawahi kuwapo. Maneno ya viatu sikuyasema katika mahojiano haya. Niliyatunga mimi, Raehanun, katika tasnifu yangu ya mwaka 1988, nikamsingizia marehemu Pak Munawir wa shule ya ng'ambo ya mto. Nilitakiwa kwenda kumhoji Alhamisi moja ya mwezi wa nane lakini mto ulifurika, nikashindwa kuvuka. Wote walioandika jambo hili baada yangu wamenakili uongo wangu. Ninachokifanya darasani kimeandikwa katika daftari la mtafiti huyu, ukurasa wa pili hadi wa kumi na tano, nami nimekisoma na nathibitisha kwamba ndivyo." Na chini, sahihi.

"Bu," Mahni alinong'ona. "Hii lazima iingie kwenye viambatisho. Watahini wote watasoma."

"Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa."

"Wataihoji shahada yako. Na pensheni..."

"Hayo ni yangu. Wewe una ya kwako. Ukiichukua karatasi hii, kesho saa mbili asubuhi tutakuwa wawili mlangoni kwa huyo Doktor wako. Aniulize mwenyewe kama watoto wangu wanasimama. Anataka chanzo? Chanzo kitakuwa kimeketi mbele yake, na mkoba. Lakini sikudanganyi, mwanangu: anaweza akakukatalia. Ukiona bora kunakili sahihi yangu kwenye fomu nyingine, wenzako wameshafanya, saa zao hizo hapo juu. Sitakwenda kokote kukushtaki. Ila baba yako amekaa miaka sita Malaysia, na ukimwonyesha kitabu, mwonyeshe kilicho chako."

Mahni alikuwa ameinama juu ya karatasi. Bu Raehanun alidhani analia tena, akaanza kufungua kiboksi cha vitafunio ili awe na la kufanya na mikono. Alijisikia mwepesi kidogo, hata akajivunia kidogo. Miaka thelathini na sita, na ameimaliza kwa aya moja.

Lakini binti hakuwa analia. Alikuwa anasoma mara ya pili, polepole, kidole kikifuata mstari. Kidole kikaenda, kikaenda, kikasimama.

"Bu umekosea," alisema.

"Nini?"

Sauti ya Mahni ilikuwa ndogo sana, lakini kidole hakikuondoka. "Mstari wa tano. Pameandikwa mwezi wa nane mto ulifurika." Akainua macho. "Bu, mimi nimezaliwa kando ya mto huo. Mwezi wa nane huwa hauna maji. Bibi yangu alikuwa anaanika tumbaku humo, juu ya mawe."

Nje pikipiki ilipita. Bu Raehanun aliitazama karatasi, akautazama ule mstari, na Alhamisi ile ikamrudia nzima, bila tone la maji: joto, baraza la mama yake, mkeka, gazeti la wanawake lililokuwa na hadithi ya mapenzi aliyotaka kuimaliza, na ng'ambo ya mto mkavu mzee amekaa na madaftari mawili, anamngoja.

Alichukua kalamu. Akakata mto kwa mstari mmoja, ulionyooka, kama alivyowafundisha watoto kukata kosa ili lisomeke. Juu yake akaandika maneno mawili, akamrudishia Mahni karatasi aone.

Sikwenda tu.